Plau la Mjomba Halikuwa na Kutu

Ndugu msomaji, wiki hii sitazungumzia bei ya mchele wala mgawo wa maji. Nitazungumzia trekta lenye urefu wa sentimita tano kasoro kidogo. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji huyu sasa ameishiwa habari. Nawaomba subira, kwa sababu trekta hilo dogo lilinifanya nigombezwe na mzee anayekaribia miaka 80, na jambo alilonigombezea linatuhusu wengi zaidi ya mimi na yeye.

Nianze mwanzo. Nilikulia Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, mahali ambapo usiku ukitulia honi ya treni ya TAZARA husikika hadi kitandani. Watoto wa rika langu hatukununuliwa magari ya kuchezea. Tuliyaunda wenyewe kwa waya na makopo ya mafuta ya kula, magurudumu tukayakata kwenye kandambili zilizochakaa. Ninakumbuka vizuri kwamba mtoto aliyetoka nje na gari safi alichekwa. Ilibidi kwanza alipitishe kwenye matope ndipo aruhusiwe kujiunga na msafara. Nadhani hata wakati ule tulijua jambo ambalo nimelisahau nikiwa mtu mzima.

Miaka michache iliyopita, katika soko moja la mitumba jijini Dar es Salaam, niliona vipande vya reli ya kuchezea na kichwa kimoja cha treni, vyote vikiwa ndani ya ndoo ya plastiki pamoja na wanasesere wasio na mikono. Nilivinunua. Siku nyingine nikapata matrekta mawili mekundu ya chuma, mfano wa Massey Ferguson, kila moja likiwa na plau lake la sahani. Basi nikaamua kutengeneza juu ya ubao wa plaiwudi kona moja ya stesheni ya Ifakara kama nilivyoiona utotoni: reli, behewa mbili za mizigo, kipande cha barabara ya vumbi, na pembeni shamba la mpunga ambamo mjomba wangu analima.

Hapa ni lazima nieleze hesabu kidogo, maana bila hesabu mchezo huu haueleweki. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, umbali wa kilometa 1,860, ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Haifanani na Reli ya Kati ya zamani yenye upana wa milimita 1,000. Ndiyo maana Kidatu, njia hizo mbili zinapokutana, behewa la njia moja haliwezi kuendelea tu kwenye nyingine kama lilivyo. Sasa, matrekta mengi ya kuchezea yanayotoka Marekani hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 64, maana yake trekta halisi ni kubwa mara 64 kuliko hilo la mkononi. Ukigawanya 1,067 kwa 64 unapata milimita 16.67. Vipande vya reli nilivyovikuta ndani ya ndoo vilikuwa na upana wa milimita 16.5. Tofauti haifiki hata robo ya milimita! Reli iliyokusudiwa kubeba treni ya mtoto wa Ulaya, ukiiweka karibu na trekta la kipimo hicho, inakuwa TAZARA. Kichwa cha treni kilikuwa cha kipimo kingine, kwa hiyo nilikivua bodi lake nikakiundia jingine kwa kadibodi.

Na usidhani ubao ule ulibeba stesheni nzima. Ubao wa sentimita 120, ukizidisha kwa 64, ni mita 77 tu. Hata treni fupi ya abiria haienei hapo. Ndiyo sababu nilichukua kona moja, na kona hiyo ikabidi iseme yote.

Matrekta yale yalikuwa yaking'aa kama yametoka dukani asubuhi hiyo. Trekta linalong'aa namna hiyo kando ya shamba la mpunga ni uongo mtupu. Wapenzi wa reli ndogo huko Uingereza na Marekani wana neno lao la kazi ya kukiondolea kitu kidogo huo upya wake, neno lenye maana ya kupigwa na jua, mvua na upepo. Mimi naiita kuchakaza. Nilichukua rangi ya kahawia na ya machungwa, nikalipaka trekta moja kutu kila mahali, boneti, madigadi, magurudumu, na hasa sahani za plau, kwa kuwa ni chuma na chuma hushika kutu. Niliridhika sana na kazi yangu. Nikalifunga kwenye leso, nikapanda basi kwenda Ifakara kumwonyesha mjomba.

Mjomba wangu aliendesha trekta kwa zaidi ya miaka 20 katika shamba kubwa moja la bonde lile. Leo anaishi pale Kibaoni. Jicho lake moja halioni tena. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani, nilifungua leso nikampa. Alilisogeza karibu na jicho lake zima, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye sahani za plau.

"Mjomba," aliniuliza, maana na yeye huniita hivyo, "hili trekta la nani?"

"La kwako, mjomba. Huyu ni wewe unalima."

Aliliweka juu ya mkeka. "Mimi sijawahi kulima na plau la kutu. Umenitukana."

Akainuka akaenda kukaa nje. Shangazi akaniambia nimwache. Hakusema nami tena mpaka jioni baada ya chai, na hapo ndipo alipoanza kunifundisha. Mengi ya yanayofuata ni ya mjomba, nami nimeongeza machache niliyojifunza kwingine.

Kwanza, tuelewe kutu ni nini. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Mchanganyiko huo hukila chuma polepole na kukigeuza unga wa rangi ya kahawia. Bonde la Kilombero halikosi maji wala hewa, kwa hiyo plau likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utaliona limeota utando mwembamba wa rangi ya machungwa. Lakini ardhi ina chembe za mchanga, na chembe hizo ni msasa. Sahani ya plau ikizunguka ardhini tangu asubuhi hadi mchana, msasa huo huisugua. Rangi ya kiwandani haimalizi siku. Utando wa kutu haumalizi mistari michache. Jioni sahani hung'aa kiasi kwamba, kwa maneno ya mjomba, ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama humo. Na msimu ukiisha, dereva mwenye akili huzipaka sahani oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ili mvua isizipate. Kwa hiyo plau la mtu anayejua kazi yake lina hali mbili tu: wakati wa kulima ni jeupe kama kisu, na wakati wa kusubiri ni jeusi kwa oili. Wekundu wa kutu una habari nyingine, ambayo nitaifikia.

Pili, matrekta haya ya kuchezea hayawezi kupata kutu hata ukiyatia kisimani. Hayakutengenezwa kwa chuma cha kawaida. Ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, ukiongezwa alumini na madini mengine kidogo, unaoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Zinki ikichakaa hutoa unga mweupe, haitoi wekundu. Mbinu hiyo ya kalibu ndiyo iliyowezesha vitu hivi kuuzwa kwa bei ndogo. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, ya bwana Frank Hornby, ilitoa seti yake ya kwanza ya magari madogo ya namna hii mwaka 1933, na trekta la shamba lilikuwa mojawapo. Jambo la kufurahisha ni kwamba hayakutolewa kama vitu vya kuchezea peke yake. Yalikusudiwa kupamba reli ndogo za Hornby. Mwaka 1934 yakapewa jina la Dinky, na baadaye dunia ikasahau kwamba yalizaliwa kando ya treni. Kule Marekani, Fred Ertl alianza mwaka 1945 kutengeneza matrekta madogo nyumbani kwake Dubuque, Iowa, na kampuni yenye jina lake ikaja kuwa mashuhuri kwa vifaa vidogo vya shamba.

Sasa kwa kuwa trekta lako halipati kutu wala kuchafuka lenyewe, kila doa utakaloliweka ni neno umelisema wewe. Kabla ya kuliweka inakubidi ujiulize limetoka wapi. Mjomba alinipitisha trekta zima kwa njia hiyo, kuanzia juu kwenda chini.

Juu ni jua. Boneti na migongo ya madigadi hupigwa na jua mchana kutwa, na rangi nyekundu haivumilii jua. Hupauka, ikaelekea kuwa ya waridi na yenye vumbivumbi kama chaki. Ubavuni rangi hubaki nzito zaidi. Kwa trekta dogo, lioshe kwanza kwa sabuni ili mafuta ya vidole yatoke, liache likauke, kisha lipake vanishi isiyong'aa ili uondoe ule mng'ao wa dukani. Halafu changanya rangi nyekundu na nyeupe kidogo sana, ukaizimue kwa maji hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, upake sehemu za juu peke yake. Rudia mara mbili au tatu. Ukifanya haraka utapata trekta la waridi.

Kinachofuata ni mikono na miguu ya dereva. Trekta la mjomba lilipandiwa upande wa kushoto. Pale alipokanyaga, rangi ilikwisha kabisa na chuma kikawa wazi. Pale aliposhika ili ajivute, ukingo wa madigadi ulikuwa laini na wenye giza la jasho na mafuta. Kifuniko cha tangi la dizeli kilizungukwa na michirizi myeusi, kwa sababu dizeli ikimwagika hukamata vumbi. Kwa mikwaruzo, chukua kipande kidogo cha sponji ya godoro, kichovye kwenye rangi ya kijivu au kahawia iliyoiva, kifute kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka, ndipo uguse kingo. Guso ni chache tu. Mjomba alinihesabia zile za upande wa kushoto zikafika sita, za kulia alinipa mbili.

Halafu kuna injini. Ekzosi hupata moto na kupoa kila siku, kwa hiyo rangi yake huungua, na hapo kutu ni halali hata kwa trekta linalofanya kazi. Huo ndio mwanya pekee mjomba alionipa. Tumia kahawia nzito kwanza, kisha doa dogo la machungwa, na mdomoni masizi halisi ya sufuria. Chini ya injini na kwenye vitovu vya magurudumu weka weusi wa oili na grisi, na hapo ruhusu mng'ao kidogo kwa tone la vanishi inayong'aa, kwa sababu oili mbichi haipauki. Mbele, kwenye matundu ya rejeta, weka vumbi la makapi. Trekta linalofanya kazi wakati wa mavuno huziba pua.

Chini kabisa ni ardhi, na hapa mimi mtoto wa Ifakara nilipaswa kuona haya. Nilikuwa nimepaka magurudumu vumbi jekundu, kwa kuwa hilo ndilo vumbi nililolikumbuka kutoka barabara ya Kidatu kabla ya lami. Lakini trekta langu lilikuwa shambani. Udongo wa mbuga ya mpunga ni mweusi. Ukiwa na maji unang'aa na kushika kama gundi, na ukikauka unakuwa wa kijivu na kupasuka. Trekta lililotoka barabarani lina wekundu mwembamba uliotua juu, na trekta lililotoka mbugani lina weusi mnene uliopanda kutoka chini hadi kwenye ekseli, ukikoma kwa mstari kama alama ya maji ya mafuriko ukutani. Lililofanya yote mawili, vumbi jekundu liko juu na tope jeusi chini, wala havibadilishani nafasi.

Mjomba alimtuma mjukuu akaniletea udongo halisi kwenye mfuko wa plastiki. Nilirudi nao Dar es Salaam. Udongo huo huwezi kuutumia hivi hivi. Chembe yenye upana wa milimita moja, mbele ya trekta la kipimo cha 1 kwa 64, ni bonge la zaidi ya sentimita sita. Ukiliweka kwenye gurudumu inaonekana kana kwamba trekta limekanyaga kokoto. Kaanga udongo kwenye kikaango kisichotumika tena jikoni, ili unyevu na wadudu vitoke, utwange, uuchekeche kwa kichujio cha chai, kisha uuchekeche tena kwa kitambaa chembamba. Utakaobaki ni unga kama poda. Jifunge kitambaa puani, maana vumbi hilo si zuri kifuani. Ukiwa na treni ya umeme, pitisha sumaku juu ya unga huo mara kadhaa, kwani chembe za chuma zilizomo zinaweza kuingia kwenye mota. Kwa tope, changanya unga na gundi ya mbao iliyozimuliwa, upake kwenye meno ya matairi na nyuma yake linakorukia. Kwa vumbi, lipulizie juu likiwa kavu, kisha lifute kwa kidole pale ambapo mtu angelifuta. Matairi yenyewe yapunguze weusi kwa rangi ya kijivu. Hakuna tairi shambani lililo jeusi kama la dukani.

Mwisho ni plau. Nilikwangua sahani kwa msasa laini hadi madini yakaonekana, nikasugua kwa unga wa risasi ya penseli nyeusi. Unga huo hutoa mng'ao wa chuma kilichosuguliwa kuliko rangi yoyote ya fedha ya kwenye kopo. Ukingo na uso wa ndani viking'aa, mgongo wa sahani na fremu vibaki na tope.

Kanuni hiyo hiyo niliihamishia kwenye reli. Nilikuwa nimepaka reli yote kutu, juu na ubavuni. Sasa itazame reli halisi siku ukipita kwenye tuta. Ubavu wake ni wa kahawia daima, lakini juu kuna mstari mwembamba mweupe ambao magurudumu huusugua. Treni zikikoma kupita, mstari huo hufa ndani ya siku chache za mvua. Njia ya pembeni inayotumika mara moja kwa mwezi inakuwa na mng'ao hafifu, na ile isiyotumika kabisa ni nyekundu tupu. Mtu anayejua kutazama anaweza kukuambia treni zinapita au hazipiti bila kumuuliza mkuu wa stesheni. Nawe usidanganywe na wekundu ulio chini ya mabehewa. Breki za chuma zikikaza gurudumu hutoa vumbi laini linaloganda kila mahali na kugeuka kahawia. Hiyo ni kutu ya kazi. Behewa lililosafiri sana ndilo lenye nyingi.

Baada ya majuma mawili nilirudi Ifakara na trekta la pili, hili nililolichakaza kwa mafundisho yake. Alilisogeza kwenye jicho, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye sahani. Alikaa nalo kwa muda mrefu. Akatabasamu alipofika upande wa kushoto, pale pa kukanyagia. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Lile la kwanza umelitupa?"

"Bado ninalo, mjomba."

"Usilitupe. Lile ni la mwaka wa mwisho."

Ndipo aliponisimulia. Pampu ya dizeli ya trekta lake iliharibika katikati ya msimu. Akaandika fomu ya kuomba spea. Akaambiwa imeagizwa. Msimu ule ukapita, spea ikiwa bado imeagizwa. Kila asubuhi alikwenda kazini, akalifuta trekta lake vumbi, akazipaka sahani oili chafu, akakaa kivulini. Kisha oili chafu nayo ikakoma kupatikana, kwa sababu hapakuwa na injini inayobadilishwa oili. Mvua za masika zikaja. Aliniambia kuwa siku alipoona sahani zimekuwa nyekundu alipita njia ya nyuma ili asizione, na tangu siku hiyo hadi alipopewa barua ya kupunguzwa kazi alikuwa akipita njia hiyo ya nyuma. Nilipompa lile trekta langu la kutu, nilikuwa nimempa kitu alichokikimbia kwa zaidi ya miaka 30.

Nilitaka kuomba radhi, lakini alikuwa ameshaanza kunikosoa. Trekta lililosimama, alisema, halichakai kama nilivyofanya. Halina tope kwenye magurudumu, maana tope huanguka likikauka. Vumbi lake ni sawa kila mahali, kwa kuwa hakuna mkono unaoligusa. Matairi yamekaa chini upande mmoja. Taa hazipo, betri haipo, kiti kimeng'olewa na mtu aliyekihitaji nyumbani. Majani yameota kati ya magurudumu na kuku ametaga kwenye kivuli chake. Basi lile la kwanza nimelirekebisha hivyo: nimeyapunguza matairi kwa tupa upande wa chini, nimeng'oa taa, nimebandika nyuzi za katani zilizopakwa kijani kuwa majani. Sasa limesimama kwenye pembe ya ubao, chini ya mwembe, mita chache za kimfano kutoka pale mwenzake anapolima.

Ndugu msomaji, katika kazi yangu nimeingia kwenye yadi nyingi, za umma na za watu binafsi, katika mikoa mingi. Zamani nikiandika habari za mashine zilizokwama, nilimuuliza mkubwa wa mahali hapo, naye akanipa maelezo. Siku hizi kabla ya kuingia ofisini natazama sahani za plau. Maelezo ya mkubwa yanaweza kuwa mazuri sana, na kwenye karatasi trekta likahesabiwa kuwa zima, likisubiri kifaa kimoja tu. Lakini sahani nyekundu imeshasema ni misimu mingapi kifaa hicho kimesubiriwa. Mara nyingi si kifaa kikubwa. Ni pampu, ni mpira wa kuzuia oili, ni fomu iliyokosa sahihi. Mtu anayejua thamani ya mashine hukaa karibu nayo akiwa na kitambaa mkononi, na hana mamlaka ya kununua hata boliti.

Hata reli ile niliyoisikia utotoni inahusika. Septemba 2024, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia Beijing utiaji saini wa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Tutasikia mengi kuhusu mabilioni na miaka ya mkataba. Mimi nitatumia kipimo cha mjomba. Nikipita Ifakara nitasimama kwenye tuta nitazame upana wa ule mstari mweupe juu ya chuma.

Ubao wangu sasa uko sebuleni kwa mjomba, kwa kuwa aliomba ubaki huko. Wajukuu wanauchezea, na baadhi ya tope limeshabanduka. Nilipotaka kulirudishia, mzee alinikataza. Alisema matope yanayobanduka kwa kuchezewa ni ya haki. Kitu kimoja tu ndicho anachokitunza mwenyewe: kila baada ya siku kadhaa huchukua lile trekta linalolima, akazisugua sahani za plau kwa ncha ya kanzu yake, halafu akalirudisha shambani.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.